Mfereji Hauna Mwenyewe Mmoja

Huko Chepsaita, upande wa Turbo katika Kaunti ya Uasin Gishu, mkulima wa mahindi anaweza kumaliza msimu mzima bila kumwomba jirani yake ruhusa ya jambo lolote. Mvua ikianza Machi au Aprili, anaita trekta, anapanda, anatia mbolea, anapalilia, na mwisho wa mwaka anavuna. Shamba lake limezungushiwa seng'enge, hatimiliki iko sandukuni, na jirani akichelewa kupanda, hasara ni yake mwenyewe. Nchi hii ya juu, iliyo karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka. Mvua ya namna hiyo humruhusu mtu kulima peke yake.

Lakini kutoka hapo hadi mahali ambapo ukulima wa peke yake hauwezekani si mbali. Ukivuka Eldoret ukaelekea mashariki, unafika Iten, mji wa wanariadha ulio kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,400. Mbele kidogo ya Iten ardhi inakatika. Barabara inaanza kujipinda kuteremka kupitia Tambach, masikio yanaziba, masweta yanavuliwa. Chini kabisa, zaidi ya mita 1,000 kutoka ulikoanzia, kuna Bonde la Kerio: migunga, vumbi jekundu, mbuzi, mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, na joto. Mto Kerio wenyewe unapita katikati kuelekea kaskazini, hadi Ziwa Turkana. Mvua ya huku huja ikitaka na kukatika ikitaka, na mahindi yanayoitegemea hiyo peke yake mara nyingi hukauka kabla ya kubeba.

Hata hivyo, msafiri akifuata barabara ya Biretwo kwenda kaskazini, akipita Arror na Chesongoch hadi Tot, ataona kitu asichokitarajia. Chini ya genge kubwa la Bonde la Ufa kuna mashamba ya kijani: miembe mikubwa, migomba, mihogo, mahindi, mtama, ndengu, kunde na njugu. Maji yake hayatoki kwenye Mto Kerio, ambao uko chini mno kwa mashamba hayo. Yanatoka juu, kwenye misitu ya milima ya Cherangani, ambako mito kama Arror na Embobut huanzia kabla ya kuporomoka gengeni. Wamarakwet huiwahi mito hiyo ikiwa bado juu, wakaigawa, wakayapitisha maji ubavuni mwa jabali hadi mashambani.

Mifereji hiyo imetapakaa kwenye ukingo wenye urefu wa kilomita 40 hivi. Umri wake haupungui karne mbili, na wataalamu wengi wanaamini baadhi yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1941 Mwingereza R. O. Hennings aliiandikia makala iliyosifu ufundi wa waliochimba mifereji hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanaakiolojia Robert Soper akaongoza uchunguzi wa kuipima na kuichora kwa niaba ya Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Naye mwanahistoria Benjamin Kipkorir, mwana wa Marakwet aliyekuja kuwa balozi wa Kenya nchini Marekani, aliandika kuhusu watu wake tangu miaka ya 1970.

Banio la magogo na mawe

Ili kuelewa kwa nini kilimo hiki ni cha ushirika, inafaa kuanzia mtoni, mahali maji yanapotolewa. Banio la jadi hujengwa kwa magogo yaliyolazwa kukatiza mkondo, yakaegemezwa mawe makubwa, kisha matundu yakazibwa kwa matawi, majani na udongo. Halizuii mto wote. Linageuza sehemu tu ya maji iingie mferejini, na mengine yanaendelea na safari yake kwenda kwenye mabanio ya chini. Mafuriko yakija, banio linabebwa lote. Hapo kila ukoo wenye haki katika mfereji ule hutoa watu, na kazi inaanza upya.

Kutoka kwenye banio, mfereji hufuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo mno. Ukiuelekeza chini kupita kiasi, maji yanakimbia na kuula udongo. Ukiulegeza mno, yanasimama na tope linajaa. Waliochimba hawakuwa na vyombo vya kupimia. Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa kipimo chao, wakiyaachia yafuate kila hatua waliyochimba. Panapokuwa na jabali tupu, ukuta wa mawe hujengwa kutoka chini, wakati mwingine kwa kimo cha mita kadhaa, ili kuubeba mfereji. Panapokuwa na korongo, zamani magogo yaliyochongwa katikati yalilazwa kama daraja la maji. Siku hizi mabomba ya chuma au plastiki na saruji vimechukua nafasi ya magogo katika sehemu nyingi, mara nyingine kwa msaada wa serikali, makanisa na mashirika.

Hakuna familia moja inayoweza kazi hiyo. Hata ikiweza kuuchimba mfereji, haitaweza kuulinda dhidi ya mawe yanayoporomoka, mizizi inayopasua kuta, na ng'ombe wanaokanyaga kingo. Ndiyo maana haki ya maji katika Marakwet haikuanza na mtu mmoja mwenye shamba. Ilianza na ukoo: waliochimba, na uzao wao, na wale waliokaribishwa baadaye kwa makubaliano. Mwanamume anayekataa kwenda kazini mfereji unapobomoka hutozwa faini, na akizidi kukaidi huhatarisha zamu yake.

Makao yenyewe yamefuata mpango huo huo. Kwa desturi watu walijenga nyumba zao juu kidogo, kwenye vibaraza vya gengeni, mahali penye upepo, mbali na mbu wa malaria na mbali na wavamizi wa mifugo. Bondeni walishuka kulima. Eneo la bondeni hufunguliwa na ukoo kwa pamoja: vichaka vinafyekwa, ua mmoja mkubwa wa miiba unazungushwa kuzuia mifugo, kisha ndani yake kila kaya inapewa kipande chake. Udongo ukichoka, ukoo unahama na kufungua eneo jingine, nalo la kwanza linaachwa lipumzike. Kwa hiyo anayelima hapa anashirikiana na wenzake mara tatu: katika maji, katika ua, na katika uamuzi wa lini kuhama.

Zamu

Mfereji mkuu ukifika bondeni hugawanyika kuwa midogo, na hiyo midogo kuwa vijito vya kuingia shambani. Maji hugawanywa kwa muda: ukoo huu una mchana wa siku hii, ule una usiku wake, na ndani ya ukoo kaya zinapokezana. Msimu wa mvua, maji yakiwa mengi, hakuna anayejali sana. Kiangazi kikikaza, kila saa inahesabiwa.

Zamu ya usiku huonyesha jinsi mpango huu unavyofanya kazi. Mkulima anafika kwenye mgawanyiko na tochi na jembe. Jirani aliyemtangulia anajua muda wake umekwisha. Mkulima anabomoa kizuizi cha tope na majani upande wake, anaziba upande wa jirani kwa jiwe na udongo ule ule, kisha anayafuata maji kwenda chini, akipiga jembe hapa na pale ili yasipotee njiani. Shamba limegawanywa kuwa majaruba madogo yenye matuta. Anafungua jaruba la kwanza, anasubiri lijae, analifunga, anafungua la pili. Kukicha amemaliza, na mwingine tayari amesimama kwenye mgawanyiko.

Si kila mara mambo huenda hivyo. Watafiti W. M. Adams, Elizabeth Watson na Samuel Mutiso, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1997, walionyesha kwamba pembeni ya kanuni kuna njia nyingine za kupata maji: kuomba kwa ndugu, kuazima zamu, kununua, na kuiba. Anayejulikana kwa ukarimu hupewa anapoomba. Mchoyo huachiwa shamba lake likauke. Wizi ukigunduliwa, kesi hupelekwa kwenye kokwo, baraza la wanaume waliotahiriwa, ambalo huketi chini ya mti na kusikiliza pande zote mpaka neno moja lipatikane. Baraza hilo halina karani wala mhuri, na bado ndilo lililoamua mambo ya maji kabla serikali yoyote haijafika bondeni.

Kuna jambo moja ambalo mgeni hawezi kulipita. Kwa desturi, wanawake hawana haki ya maji kwa jina lao, hawashiriki kazi ya mfereji mkuu, na hawana sauti kwenye kokwo. Lakini ndio wanaopalilia, wanaovuna, na katika nyumba nyingi ndio wanaoamua kitapandwa nini. Mke hupata maji kupitia kwa mumewe au mwanawe. Mjane, au mwanamke ambaye mumewe anafanya kazi Eldoret au Nairobi, hulazimika kumtegemea shemeji, jirani au kibarua wa kumlipa. Ushirika wa mfereji una ukuta wake, na nusu ya wakulima wako nje ya ukuta huo.

Wafanyabiashara wa pwani walipofika Baringo

Watu wa pwani waliujua ukulima wa aina hii kabla ya Wazungu kuuandika. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu iliyofuata pembe za ndovu ilipenya hadi Ziwa Baringo, ng'ambo ya vilima vya Tugen kutoka Kerio. Huko walikuta Wailchamus, waliojulikana kwa misafara kama Wanjemps, wakimwagilia mtama na wimbi kwa mifereji iliyotoka kwenye mito inayoingia ziwani. Kwa msafara wa watu mamia wenye njaa, kijiji chenye nafaka ya ziada katikati ya nchi kavu kilikuwa kituo cha lazima. Mpelelezi wa Kizungu Joseph Thomson alipita hapo katika safari yake ya 1883 na 1884, na msafara wa mpelelezi mwenzake Teleki ukafuata miaka michache baadaye.

Kilimo hicho kilikufa mwanzoni mwa karne ya 20. Misafara ilikoma na soko la nafaka likatoweka, Wailchamus wakajipatia ng'ombe tena, na mafuriko yakaharibu mifereji ambayo haikuwa tena na watu wa kutosha wa kuitengeneza. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilianzisha mradi mpya wa umwagiliaji katika uwanda huo huo, kwenye Mto Perkerra huko Marigat, kwa kutumia nguvu za wafungwa wa Mau Mau. Mradi upo hadi leo na umejulikana kwa mahindi ya mbegu. Lakini kwa miongo mingi ulisimamiwa na maofisa, na mkulima alikuwa mpangaji aliyepewa ratiba.

Tofauti kati ya mfereji unaokufa na unaodumu inaonekana pia ukivuka mpaka. Engaruka, chini ya genge la Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, kuna mabaki ya mashamba ya mawe na mifereji yaliyoenea kilomita za mraba zipatazo 20, yaliyolimwa kuanzia karibu karne ya 15 na kuachwa wakati fulani katika karne ya 18 au mwanzoni mwa 19. Kwa nini watu waliondoka, wataalamu bado wanabishana. Kilimanjaro, Wachaga waliendelea kuitunza mifongo, yaani mifereji yao ya jadi, na Wasonjo nao wakabaki na mifereji yao chini ya usimamizi wa wazee. Upande wa pili wa bahari, Oman ina maelfu ya aflaji, yaani mifereji ya jadi ya umwagiliaji, na mitano kati yake iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Huko nako maji hugawanywa kwa muda, na sehemu ya zamu hukodishwa ili kupata fedha za matengenezo. Katika sehemu hizo ambako mifereji ya jadi imedumu, wanaotumia maji yake ndio wanaoitunza.

Miradi yenye saruji

Serikali ya Kenya ilianzisha Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Kerio mwaka 1979, na makao yake makuu yako Eldoret. Kati ya kazi zake, mfano unaotajwa zaidi uko Sigor, Pokot Magharibi, kwenye Mto Wei Wei unaotoka pia milima ya Cherangani. Kwa ushirikiano na Italia, mradi ulianza miaka ya 1980. Maji yanateremka kwenye mabomba kwa uzito wake yenyewe na kutoka kwenye vinyunyizio bila pampu wala dizeli. Katika awamu mbili za mwanzo wakulima wapatao 225 walipewa kila mmoja kipande cha karibu hekta moja. Waliunda chama chao, wakalima mahindi ya mbegu kwa mkataba na Kampuni ya Mbegu ya Kenya, na mahali palipokuwa malisho ya mbuzi pakawa na mazao mara mbili kwa mwaka. Wei Wei ilifanikiwa kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja: mnunuzi alijulikana kabla ya mbegu kutiwa ardhini, na chama kilikuwa na wajibu wa kila siku wa kulinda mabomba.

Miradi mingine haikupata bahati hiyo. Mabwawa mawili yaliyokusudiwa kujengwa Arror na Kimwarer, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, yaliishia kortini. Mwaka 2019 waziri wa fedha wa wakati huo, Henry Rotich, alishtakiwa pamoja na maofisa wengine kwa madai ya ufisadi katika mabwawa hayo. Mwaka huo huo serikali ikafuta bwawa la Kimwarer. Desemba 2023 mahakama ilimwachilia huru Rotich. Hadi kesi inamalizika, mkulima wa bondeni hakuwa amepata hata tone moja kutoka kwenye mabwawa hayo.

Saruji nayo, hata inapofika salama, inabadilisha mambo ambayo mhandisi hayaweki kwenye mchoro wake. Banio la magogo huharibika mara kwa mara, na kila likiharibika koo hukutana, huhesabiana, hukumbushana nani ana haki gani. Banio la saruji linaweza kukaa miaka bila kuguswa, na mikutano ile ikapungua. Siku litakapopasuka, litahitaji fundi, simiti, kokoto na fedha, badala ya mikono ya watu thelathini na mawe ya mtoni. Mradi unaoleta bomba bila kuacha hazina na kamati ya kulitunza huwaacha watu katika hali ngumu kuliko ile waliyokuwa nayo, kwa sababu hata ule mfereji wa zamani utakuwa umeshaziba.

Genge na bunduki

Hatari mbili zimeukaba ukulima huu katika miaka ya karibuni. Ya kwanza ni genge lenyewe. Mashamba yanayopanda kwenye miteremko mikali na misitu iliyofyekwa juu yameuacha udongo bila mshikilizi. Aprili 2020 maporomoko yalisomba soko la Chesegon, mpakani mwa Elgeyo Marakwet na Pokot Magharibi. Mwanzoni mwa Novemba 2025, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka usiku katika eneo la Chesongoch na kuua watu zaidi ya 20. Tope la namna hiyo hufukia nyumba, na pia hufuta mfereji uliochukua vizazi kujengwa.

Hatari ya pili ni wizi wa mifugo. Machi 2001, shambulio katika kijiji cha Murkutwa, bondeni humo, liliua watu zaidi ya 50 na kuteketeza nyumba nyingi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kila uhasama ulipopamba moto kati ya Wapokot na Wamarakwet, mashamba ya bondeni yaliachwa. Mkulima hawezi kwenda kwenye zamu ya saa nane usiku mahali ambapo risasi zinalia. Februari 2023 serikali ilianzisha operesheni ya usalama katika kaunti kadhaa za Bonde la Ufa kaskazini, Elgeyo Marakwet ikiwemo. Palipotulia, watu walirudi kufyeka na kuzibua mifereji.

Wakati huo huo sheria za kitaifa zimeingia bondeni taratibu. Sheria ya Maji ya 2002, na iliyoifuata ya 2016, zimeweka maji yote chini ya serikali na kuhimiza watumiaji wajiunge katika jumuiya zilizosajiliwa. Kwa wazee wa ukoo ambao babu zao walichimba mfereji, kuomba kibali cha maji hayo hayo ni jambo lisiloingia akilini kwa urahisi. Vijana waliosoma, wanaojua njia za ofisini, wamekuwa daraja kati ya kokwo na kaunti.

Pana pia Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Inaruhusu ardhi inayomilikiwa kwa desturi isajiliwe kwa jina la jamii, chini ya kamati ya watu 7 hadi 15 inayochaguliwa na mkutano wa watu wazima wote wa jamii hiyo, wanawake wakiwemo. Mkutano wa namna hiyo ni mpana kuliko kokwo yoyote iliyowahi kuketi Marakwet. Koo zitakazochagua njia hiyo zitakuwa na vikao viwili: kimoja cha ardhi, ambamo mke na mjane wana kura sawa na wanaume, na kingine cha maji, ambamo bado hawaketi. Kwa kuwa shamba la bondeni halina thamani bila zamu yake, vikao hivyo viwili haviwezi kuendelea kwa muda mrefu bila kimoja kukiuliza kingine maswali.